Mbegu za tungule na mrehani kutoka Italia: karatasi gani zinahitajika kabla hazijapanda ndege?

ShambaMsabaha

Assalaam aleykum wanajamvi. Nalima robo ekari hapa Msabaha na kuuza mboga kwa mikahawa ya Malindi mjini. Mpishi mmoja anataka tungule (nyanya) aina ya San Marzano, mrehani wa Genova ule wa majani mapana, na rukola, mboga ya majani ya saladi. Kuna mgeni wake anatoka Milano mwezi ujao, atatua Mombasa, na amekubali kubeba mbegu. Ni pakiti 12 za dukani, kila moja ina gramu 1 hadi 5. Zote pamoja hazifiki gramu 50. Nyuma ya pakiti za tungule pamechapishwa alama ya Umoja wa Ulaya, inasema ni pasipoti ya mimea.

Nauliza: kwa kiasi kidogo hivi kibali kinahitajika? Hiyo pasipoti inatosha? Anayeomba ni mimi au mgeni? Na zikizuiwa uwanjani, hufanyiwa nini? Naomba anijibu mtu anayezijua karatasi zenyewe, maana mpishi ameshaanza kuhesabu siku.

PwaniKijani

Gramu 50 ni kidogo sana ndugu yangu. Pasipoti ya Ulaya imetolewa chini ya usimamizi wa serikali, mgeni aionyeshe tu forodhani. Mimi naona zitapita.

KaratasiKilindini

Waaleykum salaam. Ndugu PwaniKijani, niwie radhi, hapo nakupinga moja kwa moja, kwa sababu mwenye kufuata ushauri huo atazikosa mbegu na nauli itakuwa imekwenda.

Sheria ya Kenya haina kipimo cha chini. Iwe zawadi, iwe ya majaribio, iwe biashara, pakiti moja au kontena zima, mbegu ya kupanda inayotoka nje inahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na kibali hicho kiwe kimeshatoka kabla mbegu hazijaanza safari. Msingi wake ni Sheria ya Ulinzi wa Mimea, sura ya 324. Ile pasipoti ya Ulaya ni hati ya ndani. Inairuhusu mbegu itoke Italia iende Ufaransa au Uhispania. Ikishavuka mpaka wa Umoja wa Ulaya haina kazi tena. Mkaguzi wa Mombasa anataka cheti cha afya ya mimea, kile ambacho mawakala wa bandarini wanakiita faito. Cheti hicho hutolewa na serikali ya nchi inayotuma kwa serikali ya nchi inayopokea. Kampuni ya mbegu haiwezi kujiandikia.

Sasa shika utaratibu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Watu huanza na cheti, kwa kuwa ndicho walichosikia jina lake, halafu ndio wanatafuta kibali. Ni kinyume. Kibali ndicho kinachobeba masharti. Kwa tungule kinaweza kutaja virusi au bakteria fulani, kwa mrehani ukungu fulani, na kutaka mkaguzi wa Italia aandike kwamba mbegu zimepimwa au zimetoka katika shamba lililokaguliwa. Mkaguzi wa Italia atayajuaje masharti ya Kenya kama hajaiona karatasi ya Kenya mbele yake? Cheti chenye tarehe iliyotangulia ya kibali kinajieleza chenyewe kwamba mbegu hazikukaguliwa kwa masharti yetu.

Mwombaji ni wewe unayepokea na kupanda, si mgeni anayebeba. Maombi hupitia mfumo wa dirisha moja wa KenTrade, ule wa mtandaoni wa kuombea vibali vya biashara, na utahitaji PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi. Kama huna akaunti humo, wakala wa forodha atakuombea, au uanzie ofisi ya KEPHIS Mombasa wakuelekeze. Andika jina la kisayansi la kila mmea: tungule ni Solanum lycopersicum, mrehani ni Ocimum basilicum, rukola ni Eruca sativa. Usiandike "mbegu za mboga mchanganyiko", hayo ndiyo maombi yanayorudishwa. Weka uzito wa kila aina peke yake, nchi ilikozalishwa, jina na anwani ya mtumaji, mbegu ni za kazi gani, na mahali zitakapoingilia. Kama mmea huo haujawahi kutathminiwa kutoka nchi hiyo, KEPHIS hufanya kwanza uchambuzi wa hatari ya wadudu na magonjwa, na hilo linaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo ule mwezi mmoja wa mpishi usiutegemee hata kidogo.

Kibali kikitoka, kitume Italia. Huko cheti hutolewa na idara ya afya ya mimea ya mkoa, Servizio Fitosanitario, kila mkoa una yake. Mbegu zinapelekwa, zinakaguliwa, kisha masharti ya kibali yanaandikwa kwenye sehemu ya tamko la ziada. Yaandikwe kama yalivyo kwenye kibali. Nimesisitiza hivyo kwa sababu tamko lililoandikwa kwa maneno mengine, hata likikaribia maana, linampa mkaguzi wa Kenya sababu ya kushikilia mzigo hadi apate ufafanuzi kutoka Italia.

Makosa mengine yanayojirudia: uzito wa kwenye cheti kuwa mdogo kuliko uliomo begini, jina la mpokeaji kutofautiana na la kwenye kibali, neno lililofutwa na kuandikwa upya kwa kalamu bila mhuri, na sehemu ya dawa kuachwa tupu ilhali mbegu zina rangi ya dawa ya ukungu. Mbegu yenye rangi nyekundu, buluu au kijani kwa kawaida imepakwa dawa. Jina la dawa na kipimo chake viandikwe.

Siku ya safari, mgeni abebe cheti halisi pamoja na nakala ya kibali. Pakiti zisifunguliwe, wala mbegu zisihamishiwe kwenye vichupa. Zote zikae mfuko mmoja, karatasi juu yake. Akitua apite njia ya wenye vitu vya kutangaza na amwite mkaguzi wa mimea mwenyewe, asingoje begi lifunguliwe. Hata angekuwa na tiketi ya ndege ya ndani hadi Malindi, ukaguzi hufanyika pale anapoingilia nchini, si hapa kwetu. Na kama kibali kimetaja Mombasa, asibadilishe tiketi akatua Nairobi bila wewe kuomba kibali kirekebishwe.

Zikikosa karatasi kuna mambo mawili: zirudishwe zilikotoka au ziteketezwe, na gharama ni ya mwagizaji. Zikiwa na karatasi lakini zikatiliwa shaka, huchukuliwa sampuli ikapimwa maabara, nawe unangoja majibu.

FundiMiche, Gede

KaratasiKilindini amemaliza upande wa hati. Mimi naongeza kwa nini tungule ndiyo inayoangaliwa kwa jicho kali kuliko rukola.

Kuna virusi vya tungule vinavyojulikana kwa kifupi ToBRFV. Viligunduliwa Israel na Yordani katikati ya miaka ya 2010, na mwaka 2018 vikaonekana kwenye mashamba ya Sisilia, Italia hiyohiyo. Hukunja majani yakawa membamba, na tunda likapata madoa ya kahawia yaliyokwaruza. Husafiri juu ya ganda la mbegu, na mche mmoja ukishaambukizwa, mikono, visu, kamba na nguo za wafanyakazi zinasambaza kwa mistari mizima. Dawa ya kuponya hakuna.

Kupima kwake huhitaji sampuli kubwa, kwa kawaida mbegu 3,000. Mbegu 1,000 za tungule zina uzito wa gramu 3 hivi, basi sampuli moja inakula karibu gramu 9 au 10. Pakiti yako ya gramu 1 ina mbegu kama 300. Haipimiki, ungeimaliza yote kabla hujapanda. Kwa hiyo pakiti za dukani hutegemea kipimo kilichofanyiwa loti nzima, yaani fungu lote la mbegu zilizotoka pamoja, kiwandani, na ndiyo maana namba ya loti iliyopigwa chapa chini ya pakiti ina thamani kuliko picha nzuri ya mbele. Pakiti isiyo na namba ya loti usiilipie hata senti.

Mrehani una tatizo lake, ukungu wa chini ya jani unaosafiri na mbegu. Juu jani linaonekana kama lina njaa ya mbolea, linakuwa manjano. Ligeuze asubuhi na mapema utaona vumbi la kijivu. Ukungu huu ulielezwa kwanza Uganda miaka ya 1930, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaingia Ulaya, Italia ikiwemo. Kwa unyevu wa hewa ya Malindi unaenea kwa siku chache tu.

Wako watakaokuambia uchovye mbegu katika maji moto. Kwa tungule kipimo ni nyuzi 50 kwa dakika 25, na kipimajoto kiwe ndani ya maji muda wote. Hiyo inasaidia dhidi ya bakteria wa madoa na wa kukausha mti. Virusi nilivyotaja usivitegemee kufa kwa njia hiyo. Mbegu ya zamani au iliyokwisha kupakwa dawa usiichovye, ya kwanza itakufa na ya pili itaoshwa dawa yake. Na tendo hilo la nyumbani halichukui nafasi ya cheti.

Msidhani pia ni magonjwa peke yake. Mti wa mathenge tunaouona ukifunga njia za mifugo huko Tana River na Garissa uliingia nchini kama mbegu. Mwaka 1973 ziliagizwa kutoka Brazili na Hawaii kwa ajili ya kurudisha miti kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi. Baadaye ukapandwa Baringo na Bura kwa nia njema ya kuzuia jangwa, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu haribifu. Waliouleta hawakukusudia madhara. Hilo linanifanya niwaheshimu wakaguzi hata wanaponichelewesha.

Jambo la mwisho kwako ndugu wa Msabaha. San Marzano ni tungule ya nchi yenye usiku baridi. Usiku ukizidi nyuzi 22 au 23, chavua hudhoofika na maua hupukutika bila tunda. Malindi wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, usiku haushuki chini ya hapo. Ukitaka kuijaribu, sia ili maua yatoke Julai na Agosti, wakati wa kusi. Na kabla hujaanza kuhangaika na vibali, waulize wauzaji mbegu waliosajiliwa wa Nairobi. Mrehani wa Genova na rukola hupatikana humu nchini, mbegu zikiwa zimekwisha kupita ukaguzi. Huenda kitakachobaki kuagizwa ni tungule peke yake.

ShambaMsabaha

Allah awalipe kheri. Nimemwambia mgeni anipigie picha pakiti zote nyuma. Namba za loti zipo. Lakini kuna jambo limenishangaza: kampuni ni ya Italia, anwani ni ya Italia, ila pakiti mbili za tungule zimeandikwa mbegu zilizalishwa China, na moja ya rukola imeandikwa nje ya Umoja wa Ulaya bila kutaja nchi. Je, kwenye maombi niandike Italia?

KaratasiKilindini

Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika. La, usiandike Italia. Nchi ya asili ni pale mbegu ilipokomaa juu ya mmea wake. Ilikofungwa na kutiwa pakiti haihesabiki. Kampuni nyingi za Ulaya huzalishiwa mbegu China, India, Thailand au Chile kwa sababu ya hali ya hewa na gharama ya kazi ya mikono, kisha huzisafisha na kuzifunga kwao. Hakuna ubaya, lakini karatasi zinabadilika.

Fikiria tamko la ziada lisemalo shamba la mbegu lilikaguliwa wakati mimea ikikua. Mkaguzi wa Italia hakuliona shamba la China, hawezi kulitia saini. Anachoweza kutoa ni cheti cha kusafirisha tena, na hicho lazima kiambatane na cheti cha awali cha China au nakala yake iliyothibitishwa. Kampuni inayo karatasi hiyo kwenye faili zake, imefungamana na namba ya loti. Muuza duka hana. Na ile pakiti ya rukola isiyotaja nchi iache kabisa, kwa sababu sehemu ya nchi ya asili kwenye fomu haiwezi kujazwa kwa maneno "nje ya Ulaya".

Ushauri wangu: usinunue dukani. Iandikie kampuni moja kwa moja, ikiwezekana ile inayouza nje ya Ulaya mara kwa mara, na waeleze mapema kwamba mbegu zinakuja Kenya na kibali cha KEPHIS kitatangulia. Waombe loti ya tungule iliyozalishwa Italia yenyewe, watakutajia namba. Agiza pakiti moja ya gramu 10 badala ya pakiti kumi za gramu 1. Kazi ya cheti ni ileile na malipo ya ukaguzi huko hayapungui kwa udogo wa mzigo. Mara nyingi cheti kinagharimu kuliko mbegu zenyewe. Mgeni anaweza bado kuzibeba, mradi kampuni imkabidhi mbegu na cheti pamoja.

AmuMitendeni

Samahani wenye uzi, naomba nidandie hapahapa maana ni bahari moja. Niko Amu. Ami yangu yuko Maskati, anataka kuniletea kokwa za khalas na fardh, aina mbili za tende, na machipukizi matano ya mtende yenye mizizi. Kibali ni hikihiki?

FundiMiche, Gede

Kibali ni hicho, lakini kokwa na chipukizi ni vitu viwili mbalimbali kabisa, ndugu yangu.

Kokwa ya khalas haikupi khalas. Mtende uliotoka kwenye kokwa hauwi kama mama yake, na karibu nusu ya miche itakuwa madume. Utamwagilia miaka minne, mitano au zaidi hadi utoe kole la kwanza ndipo ujue ni jike au dume. Kwa shamba la tende, madume unayahitaji machache sana, mmoja kwa majike 50 hivi, kwa sababu chavua hupelekwa kwa mkono.

Chipukizi ndilo linalotoa tende ileile, na ndilo lenye hatari kubwa. Kuna fukusi mwekundu wa mitende aliyeingia nchi za Ghuba katikati ya miaka ya 1980. Anataga kwenye shina, funza anakula ndani kwa ndani, na kwa nje chipukizi linaonekana zima. Misri ilimpata mapema miaka ya 1990, na kinachojulikana sana kumsafirisha ni machipukizi. Tunamjua chonga, yule mdudu anayeipasua minazi yetu kutoka juu, na tundu lake unaweza kuliona. Huyu wa mitende humwoni hadi mti ulegee. Tena chipukizi la mizizi huja na udongo, na udongo hauingii Kenya. Sehemu hai za mimea za namna hiyo hupelekwa karantini kwenye kituo cha KEPHIS cha Muguga, zikae chini ya uangalizi hadi zitakapoonekana safi. Machipukizi matano ya ami yako hayataishia uwanjani tu na kukabidhiwa.

Njia inayofaa ni miche iliyokuzwa maabara, ikiwa bado ndani ya chupa zilizozibwa, bila udongo. Nayo inahitaji kibali na cheti, lakini haina mahali pa funza kujificha. Ikifika na kuruhusiwa, usiitoe chupani ukaitia juani. Osha ute wa chakula kwenye mizizi kwa maji ya uvuguvugu, ipande kwenye mchanga safi uliochanganywa na maganda ya nazi yaliyosagwa, ifunike kwa nailoni ili unyevu usitoke, uiweke chini ya kivuli cha makuti. Fungua nailoni kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Ikitolewa ghafla majani hukauka kwa siku moja, kwa kuwa hayajaota nta ya kuzuia maji yasipotee.

Na pima hali ya Amu kabla ya kutumia fedha. Waarabu husema mtende wataka miguu majini na kichwa motoni. Miguu majini utapata. Tatizo ni mvua ya masika na unyevu wa bahari, kwani tende inayoiva wakati hewa ina maji hupasuka na kuchacha kwenye kole. Aina zinazoliwa mbichi, zikiwa bado ngumu na za njano, zinakufaa zaidi kuliko za kukausha. Mwulize ami yako aina gani Maskati huliwa hivyo, ndiyo uiombee kibali.

PwaniKijani

Nimesoma, na jibu langu la mwanzo nalifuta. Niongeze swali moja: nazi za kuotesha kutoka Tanga kupitia mpaka wa Lunga Lunga, si tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki?

KaratasiKilindini

Jumuiya imelegeza ushuru. Afya ya mimea haikulegezwa. Nazi ya kuotesha kutoka Tanzania inahitaji kibali kama mbegu ya Italia, na sababu ipo: pwani ya Tanzania imepoteza minazi mingi kwa ugonjwa wa kunyauka unaoangusha vidaka kwanza, kisha makuti, kisha kilele chote.

ShambaMsabaha

Nimeshaelewa njia. Mrehani na rukola nachukua Nairobi. Tungule naagiza gramu 10 kwa kampuni, kibali kwanza, na mpishi nimemwambia asitarajie tunda kabla ya kusi ya mwakani. Swali la mwisho: majirani watatu wanataka niwauzie miche ya hiyo San Marzano. Inaruhusiwa?

KaratasiKilindini

Kuuza tunda kwa mpishi ni jambo moja, kuuza mbegu au miche ni jingine, linaingia kwenye Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, sura ya 326. Muuza mbegu husajiliwa na KEPHIS, na kwa mazao yaliyoorodheshwa aina yenyewe lazima ipite majaribio na kuingia kwenye orodha ya taifa kabla haijauzwa. Usichukue pesa za majirani kabla hujauliza ofisi ya Mombasa kuhusu kitalu. Na kwenye maombi ya kibali, penye sehemu ya matumizi, andika kupanda shambani kwako. Ukiandika mauzo ya mbegu utaulizwa usajili huo siku hiyohiyo.

FundiMiche, Gede

Zikifika, sia trei moja tu, mbali na shamba, tuseme mbegu 100. Zitazame wiki nne hadi sita. Majani yakijikunja au kutoka mabaka ya kijani hafifu, usiing'oe miche hiyo ukaitupa jaani. Iache hapohapo, ifunike, nawa mikono kwa sabuni, piga simu KEPHIS. Mbegu zilizobaki zitie chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana pamoja na vijiko viwili vya mchele uliokaangwa ukapoa, uweke mahali penye baridi. Kwa hewa ya pwani, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa rafuni hupoteza uotaji haraka sana.